Mota ya kioo cha pikapu: asiyelipia vipimo hulipia mota

Kila mvua za masika zinapokaribia, wauza vipuri wa Gerezani na Ilala, jijini Dar es Salaam, hupata mteja ambaye hakuonekana wakati wa kiangazi. Ni mwenye pikapu ya zamani ambayo kioo chake kimeshuka na kukataa kupanda. Mteja huyu habishani sana juu ya bei. Mzigo unasubiriwa sokoni, wingu limetanda, na gari lisilofungika halilazwi nje. Anataka mota, anaitaka leo, na fundi aliyemtuma amekwisha kumwambia kwamba iliyomo mlangoni imekufa.

Huenda ni kweli imekufa. Lakini ukimwuliza mteja huyo nani aliipima na kwa kifaa gani, mara nyingi hana jibu. Fundi alibonyeza swichi, kioo hakikusogea, hukumu ikatoka. Hapo ndipo fedha ya mwenye gari inapoanza kupotea, kabla hata hajaingia dukani, na hapo pia ndipo sehemu ya mtaji wa mwenye duka inapoanza kulala rafuni bila yeye kujua.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa ukurasa wa masoko. Si dogo kwa mfanyabiashara ambaye pikapu yake ndiyo duka, ghala na rehani yake kwa wakati mmoja. Pikapu za zamani hazitaondoka barabarani kesho. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada gari kuukuu linaloingia bandarini. Kwa hiyo lililokwisha kuingia nchini hutunzwa, hutengenezwa na huuzwa tena na tena. Zamani pikapu nyingi za kazi zilikuwa na vioo vya kuzungusha kwa mkono, na ugonjwa huu haukuzihusu. Zilizokuja baadaye kutoka Japani zikiwa na vioo vya umeme nazo sasa zimezeeka, na mota zake zimezeeka pamoja nazo.

Ni vema kueleza kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu asiyekijua hawezi kumuuliza fundi swali la maana. Mota ya kioo ni ndogo, ya volti 12, na ina gia ndani yake inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Gia hiyo husukuma mikono ya chuma, au huvuta kamba ya waya katika magari mengine, na kioo hupanda. Mota ya kawaida ya pikapu ya zamani ina nyaya mbili tu. Swichi ikibonywa kupandisha, umeme huingia kwa waya mmoja na kutokea kwa mwingine. Ikibonywa kushusha, njia hugeuzwa. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Kutoka betri hadi kwenye nyaya hizo mbili kuna safari ndefu. Umeme hupita kwenye fyuzi, kwenye swichi kubwa ya mlango wa dereva, kisha hupenya katika mpira mweusi ulio kati ya mlango na nguzo ya gari. Katika pikapu nyingi, hata kioo cha abiria hutegemea swichi hiyo ya dereva. Swichi ya dereva ikioza, kioo cha upande wa pili hufa, na mwenye gari huenda kununua mota ya mlango usiokuwa na kosa lolote. Kuna hata kitufe kwa dereva cha kuzuia abiria wasichezee vioo. Mtoto akikibonyeza bila kuonekana, dalili zake ni zile zile za mota iliyokufa upande wa abiria. Matengenezo yake ni kukibonyeza tena.

Ule mpira mweusi wa nguzoni unastahili kutajwa peke yake. Mlango wa pikapu ya biashara hufunguliwa na kufungwa mara nyingi mno kwa siku, na kila mara nyaya zilizomo ndani ya mpira hukunjwa na kunyooshwa mahali pale pale. Baada ya miaka 15 au 20 shaba hukatika nyuzi moja moja huku ganda la plastiki likibaki zima. Kwa macho waya ni mzima. Kwa kazi umekwisha. Dalili yake inajulikana: kioo hufanya kazi mlango ukiwa wazi na hukataa ukifungwa, au kinyume chake.

Waya wa namna hiyo unaweza pia kuidanganya testa, na hapa mafundi wengi wazuri wamekosea. Taa ya testa hutumia umeme kidogo sana. Uzi mmoja wa shaba uliosalia unatosha kuiwasha, na fundi husema umeme unafika, basi mota ndiyo mbovu. Mota inahitaji zaidi ya hapo. Kioo kinapopanda kawaida, hula ampea 5 hadi 10 hivi, na kikikwama huweza kupita 20. Uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo huo. Kipimo cha haki ni cha mita, plagi ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa imebonywa, ili volti zisomwe mota ikiwa kazini. Injini ikiwa inawaka, betri husoma karibu volti 14. Mota ikipata 12 na zaidi na bado haitikisiki, ishukiwe yenyewe. Ikipata 8 au 9, umeme unapotelea njiani na mota mpya nayo itafika pale ife njaa vile vile.

Kuna njia nyingine ya kuhakikisha, ambayo haihitaji hata mita: nyaya mbili kutoka betri, zenye fyuzi, zikapelekwa moja kwa moja kwenye mota. Ikinyanyua kioo kwa nguvu, mota iko hai na hakuna sababu ya kwenda dukani. Isiponyanyua, ipigwe taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwepo. Ikizinduka kwa kugongwa, brashi zake za kaboni zimekwisha, na hiyo ni habari nzuri kwa mwenye gari kuliko anavyodhani.

Kabla ya yote hayo iangaliwe njia ya kioo chenyewe. Mpira ambamo kioo huteleza hukauka kwa jua na kujaa vumbi, hasa kwa gari la njia za vijijini. Grisi iliyopakwa kiwandani huwa imeganda. Mota hulazimika kusukuma kioo kilichobanwa pande mbili, hupata joto, na nyingi zina kinga ndani ambayo hukata umeme joto likizidi, kisha huurudisha ikipoa. Mwenye gari huona kioo kimekufa, baada ya robo saa kimefufuka, na huanza kuzungumza habari za mashetani. Kinachotakiwa hapo ni kusafisha mpira, kupuliza dawa ya silikoni na kupaka grisi mpya kwenye mikono ya chuma. Oili ya injini isitumike. Huharibu mpira na kukusanya vumbi, na baada ya miezi michache hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Swali la soko ni hili: ikiwa vipimo ni rahisi hivyo, mbona havifanywi? Jibu lisilopendeza ni kwamba hakuna anayevilipia. Desturi ya gereji nyingi za mtaani ni kwamba fundi hulipwa kwa kufunga kitu. Akifungua mlango, akipima kwa saa nzima, akakuta waya umekatika na kuunga, mwenye gari humpa fedha ya soda na kumwambia amefanya kazi ndogo. Akifunga mota mpya kwa nusu saa, hulipwa bila manung'uniko, na pengine duka alikomtuma mteja nalo humkumbuka. Fundi anayeijua hesabu hiyo hana sababu ya kutafuta waya. Kumlaumu kwa tamaa ni rahisi, lakini bei aliyopangiwa na wateja wake ndiyo inayomfundisha.

Upande wa pili kuna kibao kinachofahamika na kila aliyewahi kuingia duka la vipuri: vifaa vya umeme havirudishwi. Mwenye duka ana haki yake. Hawezi kujua kama mota iliyorudi iliunguzwa mlangoni kwa mteja. Hivyo fundi amelipwa ufundi, duka limelipwa mota, na hatari yote ya hukumu isiyopimwa imebaki kwa mtu mmoja, ambaye ndiye asiyejua kitu kati ya watatu hao.

Ichukuliwe hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, si bei za soko, na kila mmoja anaweza kuweka za mtaa wake. Mota ni shilingi 90,000 na kuifunga ni 25,000, jumla 115,000. Vipimo peke yake ni 15,000. Mwenye gari anayelipia vipimo kwanza na kukuta mota kweli imekufa, amepoteza 15,000. Anayekuta ni waya, na kuunga ni 20,000, ametoka na 35,000 badala ya 135,000 ambazo angelipa kwa kununua mota kwanza na kugundua waya baadaye. Wenye pikapu 7 wakilipia vipimo, jumla ni 105,000. Mota moja tu kati ya hizo 7 ikionekana ni nzima, 115,000 zimeokolewa na vipimo vya wote saba vimejilipa. Hesabu hiyo haijagusa safari iliyokosekana siku gari lilipolala gereji likisubiri mota ya pili, baada ya ya kwanza kukataa kufanya kazi.

Kwa hiyo mwenye pikapu angefanya busara kubadili namna anavyoagiza kazi. Asiseme "nibadilishie mota." Aseme atalipa kiasi fulani kwa kupima, hata kama hakuna kitakachobadilishwa, na kwamba anataka kuonyeshwa volti kwenye plagi. Watasema wengine kuwa mafundi wengi hawana mita. Mita ya kawaida si kitu cha bei kubwa, na fundi atainunua siku atakapoona inamwingizia fedha. Mpaka leo haijamwingizia.

Mwenye duka naye ana la kufikiria. Mota nzima ni mali ngumu kuiweka. Ya kushoto haifungi kulia. Plagi hutofautiana, idadi ya meno ya gia hutofautiana, na magari yanayopandisha kioo kwa mguso mmoja huwa na nyaya zaidi ya mbili, hata kama kwa nje mlango ni ule ule. Anayetaka kuhudumia aina 10 za pikapu anajikuta na makumi ya mota, nyingine zikikaa miaka. Mtaji huo umelala. Vitu vidogo havilali hivyo: brashi za kaboni, gia za plastiki, swichi, mipira ya kioo, klipu za mlango, ribiti, grisi. Faida ya kimoja ni ndogo, lakini vinatoka kila siku na fedha inazunguka.

Mfano mzuri uko Marekani. Pikapu za Ford F-150 za miaka ya 1980 na sehemu ya 1990 zilikuwa na vidonge vitatu vya plastiki ndani ya gia ya mota ya kioo, vilivyowekwa kupunguza mshtuko kioo kinapofika mwisho. Kwa umri vidonge hivyo husagika kuwa makombo. Mota husikika ikizunguka mlangoni na kioo hakiendi popote. Mota yenyewe ni nzima kabisa. Watengenezaji wa vipuri wa huko waliona fursa, wakaanza kuuza pakiti ya vidonge vitatu kwa sehemu ndogo sana ya bei ya mota, na hadi leo, miongo kadhaa baada ya magari hayo kutoka kiwandani, pakiti hiyo bado ina wanunuzi. Biashara hiyo ilizaliwa kwa sababu kulikuwa na watu waliofungua mota kabla ya kuitupa. Kwetu mota hufunguliwa na anayeokota shaba.

Kuhusu mota za mtumba zinazotoka Japani, au zinazopitia Sharjah na Dubai, hazistahili kudharauliwa. Mota halisi ya kiwandani iliyotumika kwenye gari la jijini huko Japani inaweza kudumu kuliko mpya ya bei nafuu isiyojulikana ilikotengenezwa. Tatizo ni jinsi zinavyouzwa. Muuzaji huishika mkononi, huigusisha kwenye betri, inazunguka, na mnunuzi hutoa fedha. Mota isiyo na mzigo huzunguka hata ikiwa imechoka. Inafaa mnunuzi asikilize kama mlio ni sawa pande zote mbili, atazame kama kuna kutu au alama ya maji, na akague meno ya gia. Duka litakalotengeneza kibao chenye mlango mzee na kioo chake, likajaribu kila mota mbele ya mteja ikiwa inanyanyua kioo kweli, litakuwa limeondoa sehemu kubwa ya sababu ya kibao kile cha kutorudisha. Hakuna haja ya mkopo wa benki kwa jambo hilo. Milango iliyogongwa imejaa mitaani.

Kazi ya kufunga nayo ina hasara zake, na mwenye gari asisimame mbali akinywa chai. Katika milango yenye mikono ya chuma kuna springi nzito inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Mota ikitolewa kabla mikono hiyo haijafungwa imara, springi huachia kwa nguvu na imewahi kuumiza vidole vya wengi. Kioo kifungwe juu kwa gundi ya karatasi au kabari kwanza. Halafu kuna nailoni nyuma ya ubao wa mlango, ambayo mafundi wenye haraka huichana na kuitupa. Haikuwekwa kwa urembo. Maji yanayopita kando ya kioo huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie upande wa swichi na spika. Ikiondoka, au matundu ya chini yakiziba kwa matope, mota mpya itaoga kila mvua. Kwa gari la pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, haitachukua muda mrefu.

Kuhusu fyuzi inayokatika mara kwa mara na "kuimarishwa" kwa kipande cha waya wa shaba, inatosha kusema kwamba pikapu nzima ina thamani kuliko fyuzi.

Wapo wanaoamua kuachana na umeme na kurudisha mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kwa aina za pikapu zilizotengenezwa kwa namna zote mbili, jambo hilo linawezekana bila kuchonga mlango, na kwa gari la shamba au la mizigo ya nyanya hakuna ubaya wowote. Anayetarajia kuuza gari karibuni afikiri mara mbili. Mnunuzi akiona nafasi ya swichi iko wazi na mlango una mkono wa kuzungushia, ataanza kuuliza ni nini kingine kilichoachwa njiani, na atashusha bei kwa hofu yake, si kwa gharama ya mota.

Hofu hiyo hiyo ni silaha kwa anayenunua. Kwenye yadi za magari dalali huwa ameshapandisha vioo vyote kabla mteja hajafika. Mteja aombe ufunguo, awashe gari, ashushe na kupandisha kila kioo mara tatu, cha abiria kwa swichi zote mbili, mlango ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa. Kioo kinachopanda kwa kusuasua injini ikiwa imezimwa na kwa kasi ikiwa inawaka kina jambo la kuchunguzwa. Kisichopanda kabisa, dalali atasema ni fyuzi tu. Fyuzi haifiki bei ya nauli ya dalali huyo kuja yadi asubuhi ile, na mteja ana haki ya kumwomba aiweke ndipo wazungumze bei.